Waliokuja Chumbani kwa Mzee Silvester

Ndugu zangu, nitaanza na asubuhi moja ya jua, kwa sababu nyumba hii ilikuwa na asubuhi nyingi za namna hiyo kabla ya kupatwa na yaliyoipata.

Ni nyumba ya tofali za kuchoma pale Kihesa, Iringa mjini, yenye baraza linalotazama mashariki. Yusta alikuwa ameweka cherehani yake mlangoni, anashona sare za kwaya. Hatua chache kutoka kwake, juu ya kigoda, baba yake mzee Silvester alikuwa anaota jua huku akipukuchua mahindi kwenye ungo. Kila baada ya muda alisimamisha mikono, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, kisha akaendelea. Yusta alikwisha kuuzoea mluzi ule. Aliusikia kama mtu anavyosikia saa ya ukutani.

Mzee Silvester alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Mufindi ujana wake wote. Vumbi la mbao na sigara vilimmaliza mapafu. Mke wake, Eveline, alikuwa marehemu kwa miaka mingi, na Yusta, ambaye hakubahatika kudumu kwenye ndoa, ndiye aliyebaki kumtunza. Hospitali walimpa mzee dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumpangia kliniki. Daktari wa kliniki aliwaambia jambo moja ambalo Yusta alilisikia vizuri kabisa siku ile: kwamba huenda baadaye mzee akahitaji oksijeni nyumbani, lakini siku hiyo ikifika wao ndio watakaompima na kusema apewe kiasi gani, kwa maana oksijeni ni dawa na ina kipimo chake.

Yusta akaitikia. Wakarudi nyumbani. Ndivyo tulivyo wengi wetu: tunaitikia, tunarudi nyumbani.

Ikaja Juni na baridi yake. Upepo wa Iringa mnaujua, unaingia hata pale ambapo hakuna tundu. Kifua cha mzee kikabana. Kufika getini tu ilikuwa safari, na habari ya kwenda kliniki kukaa kwenye foleni hakutaka hata kuisikia. Yusta akampigia simu kaka yake, Crispin, anayeishi Iyunga huko Mbeya. Crispin akamwambia asihangaike. Kuna mtu, alisema, alimuuguza mama wa jirani yake hadi mwisho, tena vizuri sana. Mtaalamu wa pumzi. Anakuja nyumbani na mashine yake.

Mtaalamu huyo, Sedekia, akafika siku ya tatu, mchana, wakati ukungu haujaondoka vizuri barabarani. Alikuwa mrefu, msafi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi mtu amsogelee ili amsikie. Nyuma yake aliburuta mashine yenye magurudumu, kubwa kama sanduku la safari, ameifunika kitambaa cha kufuma, kama vile tunavyofunika televisheni; mkono wa pili alibeba sanduku la mashine ndogo ya akiba.

Akaweka kipimo kifuani kwa mzee na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu hata Yusta akadhani amesinzia. Alipoyafumbua alisema mzee ana kiu ya hewa, na kwamba mtu mwenye kiu humpimii maji kwa kijiko.

Siku hiyo jirani yao, Veneranda, muuza mkaa, mwanamke wa maneno machache, alikuwa amekuja kumjulia hali mzee. Alisimama mlangoni akamtazama mgeni kuanzia juu mpaka chini.

"Samahani daktari," alisema, "leseni yako ya kazi hii tunaweza kuiona?"

Sedekia alitabasamu. Akasema iko Mbeya, inahuishwa.

Yusta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mtu ametoka mbali, amevua viatu, anamhudumia baba yako, halafu unamuuliza karatasi? Akamwomba radhi kwa ajili ya jirani, akaenda jikoni kumchemshia chai ya maziwa. Veneranda aliaga, akaondoka.

Mashine ikawashwa; ilitumia umeme, na ukikatika iliendelea kwa betri yake. Ilikuwa na mlio wa chini usiokatika, na kila baada ya muda ilitoa mkoromo, kama kitu kikubwa kinachopumua kwa shida. Ubavuni ilikuwa na bomba dogo la kioo lenye mistari, na ndani yake kigololi kinachoelea kuonyesha hewa inatoka kiasi gani. Sedekia alizungusha kitufe mpaka kigololi kikapanda juu kabisa, kikawa kinatetemeka kwenye kilele cha bomba. Akamvika mzee mpira wa puani. Akafunga mapazia.

Mwanzoni nyumba nzima ilifurahi. Mashavu ya mzee yaliyokuwa yamepauka yakarudi rangi. Mluzi ukapungua. Akalala usingizi mzito ambao hakuwahi kuupata tangu baridi ianze. Sedekia alipewa chumba cha nje, na kila mara alipotoka kumwangalia mgonjwa alitembea kimya kiasi kwamba Yusta alikuwa akigeuka na kumkuta amesimama nyuma yake.

Kisha usingizi ukazidi. Mzee akawa anaamshwa ale uji, anameza vijiko viwili, anasinzia na cha tatu kikiwa mdomoni. Akiamka alishika kichwa. Mikono yake ilikuwa na joto lisilo la kawaida, hali chumba chenyewe kilikuwa baridi hadi unaona pumzi yako. Yusta alipomuuliza Sedekia, alijibiwa kwamba mwili uliochoka miaka mingi unalipwa usingizi wake.

Mchana mmoja Yusta alikuwa ameketi kitini kando ya kitanda, anatia vifungo kwenye shati. Akainua uso akaona macho ya baba yake yamefunguka. Hayakuwa yanamtazama yeye. Yalikuwa yanatazama mlangoni. Yakaanza kusogea taratibu kutoka mlangoni, yakapita juu ya kabati, yakafuata ukuta, kama yanavyofanya macho ya mtu anayemtazama mwingine akitembea. Yakaja mpaka kwenye kiti cha Yusta. Yakasimama nyuma ya bega lake la kushoto, yakabaki hapo.

Yusta hakugeuka. Sindano ilikuwa mkononi na hakuweza kuisogeza.

"Baba," alisema, "amekuja nani?"

"Watu," akajibu mzee. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliye chini ya blanketi nyingi.

"Ni mama?"

Mashine ikakoroma.

"Ndiyo," akasema mzee. "Mama."

Yusta alilia siku ile mpaka shati likalowa. Ndugu msomaji, usimcheke. Wewe nawe una mtu uliyemzika, na yapo mambo ambayo hukuwahi kumwambia. Ukisikia amesimama nyuma ya bega lako, utageuka uulize mashine imewekwa kwenye mstari wa ngapi?

Alipomweleza Sedekia, yule mtu hakushangaa hata kidogo. Alisema ni kawaida, kwamba hewa ikiwa nyingi mtu huona mbali. "Baba yuko na watu wake," alisema. "Tusimsumbue." Alilisema neno hilo kwa upole wa mtu aliyelisema mara nyingi.

Halafu ikaanza mikono. Mzee alikuwa akiinua mikono yote miwili mbele yake, viganja vimeelekea nje, kama anayemzuia mtu asimkaribie. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, haraka haraka, kama mabawa ya ndege aliyenaswa. Alifanya hivyo huku amefumba macho. Anapunga, walisema watu. Anawapungia waliokuja kumpokea.

Habari ikatembea. Jumuiya ya mtaa ikaja kusali, wakaja na wengine ambao hata si wa jumuiya. Walikaa kwenye mikeka katika chumba kile chenye mapazia, wakaimba nyimbo za taratibu, na mzee alipoinua mikono kupunga walizidisha sauti. Mama mmoja aliyepotelewa na mwanawe kwenye ajali aliinama kitandani akauliza kama mwanawe yumo. Mzee akasema ndiyo. Mwingine akauliza habari za dada yake. Ndiyo. Yusta akaanza kuvaa kitenge chake kizuri kabla ya kuingia kwa baba yake, kwa sababu alijua mama yumo. Alimuuliza mama kama amemsamehe kwa siku ile aliyofariki huku Yusta akiwa sokoni. Mzee, macho yamefumba, viganja vinapiga hewa, akasema ndiyo.

Na Sedekia alisimama pembeni, mkono juu ya mashine, anatazama kama mchungaji wa kondoo.

Veneranda alikuja mara moja tu. Alikaa dakika chache, akatoka nje, akamwambia Yusta kwamba yeye ameuguza mama yake na mume wake na hajawahi kuona mtu anayekufa akipunga namna ile. Yusta akajibu kwamba si kila mtu anajaliwa kufa vizuri. Hawakusemeshana tena wiki hiyo.

Sasa, Crispin huko Iyunga alikuwa na ubatizo wa mtoto wake, na Yusta ndiye shangazi. Alitaka kughairi, ila Sedekia alimhimiza aende, kwamba yeye yupo. Yusta alipanda basi la alfajiri na kumwacha baba yake mikononi mwa mtu yule. Njiani, basi lilipokuwa linapita Mafinga na Nyololo, alijisikia mwepesi. Alijiona kama mtu anayetoka mahali patakatifu.

Baada ya misa watu walikaa uani kwa Crispin wakila pilau na ndizi. Wifi yake akamkutanisha na Tumpe, yule jirani ambaye mama yake aliuguzwa na Sedekia. Wakashikana mikono kama ndugu. Tumpe alikuwa mwanamke mchangamfu, mwalimu wa shule ya msingi, na alimsimulia kifo cha mama yake kwa furaha ya huzuni, kama mtu anavyosimulia harusi ya zamani.

Alisema mama alikuwa na pumu ya siku nyingi. Alisema Sedekia alipokuja, mashavu yalirudi rangi. Alisema mama akalala, akalala, kisha wakaanza kuja.

"Nilimuuliza, ni baba? Akasema ndiyo," Tumpe alisimulia. "Daktari Sedekia akaniambia mama yuko na watu wake, tusimsumbue. Na mwisho, dada, alikuwa anawapungia. Hivi."

Akaweka sahani chini. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akageuza viganja nje, akavipiga: chini, juu, chini, juu, haraka.

Jua lilikuwa linawaka uani pale, watoto wanacheza, redio inaimba. Yusta aliacha kula. Ilikuwa mikono ileile, na maneno yaleyale, hata mpangilio wake. Mama wa Tumpe alikuwa Mnyakyusa wa Iyunga, baba yake yeye ni Mhehe wa Kihesa, hawakuwahi kujuana, wafu wao hawakuwahi kujuana. Kitu pekee kilichokuwa katika vyumba vyote viwili ni mtu mmoja na mashine yake.

Na hakuwa peke yake aliyeacha kula. Kwenye benchi la mbele alikuwapo rafiki wa Crispin aitwaye Lusekelo, daktari katika hospitali mojawapo ya Mbeya. Alikuwa anaitazama mikono ya Tumpe. Alisogea, akamuuliza Yusta kwa upole kama naye ana mgonjwa anayefanya hivyo. Akauliza mapafu ya mzee yana tatizo gani. Akauliza analala sana, anaumwa kichwa, mikono ina joto? Akauliza kigololi kimewekwa wapi.

"Juu kabisa," alisema Yusta.

Lusekelo alisogea karibu zaidi.

"Nani alisema kiwe juu kabisa?"

"Daktari Sedekia."

"Ana leseni?"

Yusta alitaka kusema iko Mbeya, inahuishwa. Akajizuia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa Mbeya wakati huo.

Lusekelo akamweleza bila kuficha. Mapafu yaliyochakaa namna ile yana shida ya kutoa hewa chafu ya mwili. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa oksijeni nyingi bila kipimo, hewa chafu inaweza kujilimbikiza ndani, damu inachafuka, na ubongo unalewa. Ndipo unakuja usingizi, ndipo kichwa kinauma, ndipo anaona vitu, ndipo viganja vinapiga vyenyewe bila yeye kutaka. "Hapungi," alisema. "Dada yangu, baba hampungii mtu."

Tumpe alikuwa bado ameshikilia mikono yake hewani. Akaishusha polepole, akaitazama kama si yake.

Yusta akampigia Veneranda. Simu iliita mpaka akadhani haitapokelewa. Ilipopokelewa hakuanza kwa salamu wala kwa radhi, alisema tu nenda kwa baba, nenda sasa hivi, na Lusekelo akaichukua simu akaiweka sauti kubwa.

Walimsikia Veneranda akitembea, akihema. Wakasikia anabisha hodi. Wakasikia sauti ya chini ya Sedekia kutoka ndani ikisema mzee yuko na watu wake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Veneranda akaita wanaume wawili waliokuwa wanapakua mkaa wake, na mlango ukapigwa bega. Kisha kupitia simu, mpaka Iyunga uani, watu wote wakausikia ule mlio wa mashine, na mkoromo wake, na sauti nzito ya mzee ikisema kutoka mbali, "Wamekuwa wengi. Wamekuwa wengi sana."

Lusekelo alimwambia Veneranda asiung'oe mpira puani, maana kumkatia hewa ghafla nako kunaweza kumuua. Apunguze kigololi mpaka mstari wa chini kabisa. Amwinue mzee akae. Ampakie kwenye gari lolote, na mashine yake, ampeleke hospitali ya mkoa, na yeye atawapigia simu wamngoje mlangoni.

Hapo ndipo Sedekia alipozungumza. Hakupaza sauti. "Mama," alimwambia Veneranda, "ukishusha hicho sasa, utamkatisha katikati ya njia. Atabaki hapo. Hatakuwa huku wala kule. Unataka dhambi hiyo?"

Mlio wa mashine haukubadilika. Yusta alijua wale wanaume wawili wamesita, kwa sababu yeye mwenyewe, aliyekwisha kuelezwa yote na daktari wa kweli, alisita. Kwa kitambo kile kifupi aliona mama yake amesimama kando ya kitanda anamsubiri, na akatamani kusema acheni. Ndugu zangu, huo ndio ubaya wa jambo hili. Alitamani.

"Veneranda," alisema, "shusha."

Wakasikia mlio wa mashine ukibadilika.

Yusta alirudi Iringa kwa gari la Crispin, na njia nzima hawakuzungumza ila kuulizana kama simu imeingia ujumbe. Walimkuta mzee hospitali ya mkoa amefungwa barakoa ya mashine nyingine, iliyokuwa inamsaidia kusukuma hewa nje na ndani. Mashine hii ilisimamiwa na watu waliovaa vitambulisho vyenye majina yao. Kila aliyegusa kitufe alitazama kwanza kipimo, akamweleza mwenzake alichofanya na kwa nini.

Kwa siku kadhaa mzee hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Kisha asubuhi moja akafungua macho, yakamtafuta Yusta, yakasimama usoni pake. Si nyuma ya bega. Akaomba maji.

Yusta aliahidi moyoni hatamuuliza. Hakuweza. Alipokuwa anampangusa midomo alimuuliza kama anakumbuka mama alikuja.

Mzee alivuta pumzi kwa mluzi wake wa zamani.

"Niliona watu," alisema. "Hawakuwa na nyuso. Wewe ukasema ni mama. Nikasema ndiyo, ili uniache nilale."

Yusta akashika ukingo wa kitanda.

"Kichwa kilikuwa kinapasuka, Yusta. Nilikuwa nawasikia mnaimba. Nilitaka kuwaambia mumwite daktari. Nikiinua mkono, mnaongeza sauti."

Hakusema kwa lawama. Alikuwa anasimulia tu. Lakini Yusta aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia neno lililomtisha kuliko hilo, na kwamba siku hiyo ndiyo aliyomzika mama yake kwa mara ya pili.

Na Sedekia? Wakati Veneranda na vijana wanampakia mzee, alivaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake na sanduku la mashine ndogo ya akiba aliyokuwa nayo. Hakuna aliyemshika. Yusta alitoa taarifa polisi na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Huko aliambiwa kwamba hakuna baraza lolote la taaluma ya afya linalomtambua mtu huyo, si kama daktari, si kama muuguzi, si kama fundi wa mitambo ya hospitali.

Baadaye kidogo ikaja habari kutoka Nyololo ya mtaalamu mpole anayetembelea wagonjwa wa kifua. Yusta aliambatana na polisi na maofisa wa afya, kwa kuwa aliijua sura yake. Walifika mchana, ukungu umekaa juu ya miti ya paina, na mbele ya nyumba waliyoelekezwa walikuta turubai na viti. Msiba. Bibi wa nyumba ile alikuwa amezikwa jana yake. Sedekia alikuwa amekaa miongoni mwa waombolezaji, koti jeupe limekunjwa vizuri magotini, na mtu amemletea chai.

Hakukimbia. Alipokuwa anapelekwa garini alimtazama Yusta bila chuki, akamwambia, "Dada, nimeingia nyumba nyingi. Hakuna hata moja iliyolalamika."

Na ilikuwa kweli. Ilijulikana baadaye kwamba aliwahi kuwa mtu wa kusukuma mitungi ya hewa wodini, hakusomea lolote, akajifunza kuwasha na kuzima kwa kutazama. Nyumba zilizompokea zilimshukuru. Wagonjwa walikuwa wakilala, na wafu wakawa wanakuja kuaga.

Bintiye marehemu, Devota, alimkamata Yusta mkono pale turubaini. Alitaka kujua kwa nini wanamchukua mtu aliyemsaidia mama yake aende kwa amani. Akaanza kumweleza jinsi mama alivyokuwa anapunga.

Yusta angeweza kunyamaza. Mama yule alikuwa ameshazikwa, na Devota alikuwa na kifo kizuri cha kukumbuka. Lakini akavuta viti viwili, akavisogeza mbali na watu, akamwambia yote, hata neno la mzee juu ya nyimbo.

Devota alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alisema tu, "Ungeniacha." Akainuka akaingia ndani. Yusta alibaki pale nje na kiti kitupu mbele yake, hajui kama ametenda haki au ukatili. Walipokuwa wanawasha gari waondoke, Devota alitoka amevaa viatu na khanga begani. Alifungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya Yusta, akawaambia polisi anakuja kutoa maelezo.

FUNZO

Ndugu zangu, sikuisimulia hadithi hii ili muogope wafu. Wafu hawakumdhuru mtu yeyote katika nyumba hizi tatu.

Mwogopeni mtu anayegusa pumzi ya mgonjwa wenu huku hakuna mahali popote anapojulikana. Leseni si pambo la ukutani. Maana yake ni kwamba kuna waliompima mtu huyo kabla hajakupima wewe, na kwamba akikosea kuna mahali ataitwa ajibu. Asiye nayo hajibu kwa mtu, na makosa yake yanazikwa pamoja na wagonjwa wake. Muulizeni anayekuja kutibu nyumbani kwenu, daktari, muuguzi au mwendesha mashine, kasajiliwa wapi. Mwenye leseni hataona vibaya. Akisema iko mbali, subirini mpaka iwe karibu, na kaulizeni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya yenu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Oksijeni ni dawa. Anayepanga kiasi chake ni yule aliyempima mgonjwa. Na mgonjwa wa kifua akianza kulala kupita kiasi, akashika kichwa, akaona watu, mikono ikaanza kupiga hewa, msiimbe. Mpelekeni hospitali.

Na kwako uliyeguswa na msiba: katika ugonjwa, jambo linalokufurahisha kuliko yote ndilo la kuchunguza kwanza. Sedekia hakuvunja mlango wa mtu. Alifunguliwa, akachemshiwa chai, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu iliyemtamani arudi. Tuwakumbuke marehemu wetu kwa sala na kwa majina yao. Aliye hai kitandani tumsikilize yeye, maana huenda anainua mkono kuomba msaada.